Wanaotaka Kenya iige Ubelgiji waanze na fedha, si vyeo

Kila Kenya ikikaribia uchaguzi, miongoni mwetu tunaoishi Brussels hakosekani mtu wa kusema tuwaige wenyeji wetu. Waflemi wanaozungumza Kiholanzi na Wawaloni wanaozungumza Kifaransa hawapendani kivile, na kila upande una kinyongo cha tangu enzi za mababu, lakini matokeo yakitangazwa hakuna nyumba inayochomwa. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 walikaa siku 541 bila serikali kamili, na treni zikaendelea kutembea. Kwetu matokeo yalitangazwa Desemba 30, 2007, nchi ikawaka, na Tume ya Waki baadaye ikahesabu watu 1,133 waliouawa.

Ushauri huo nauunga mkono nusu. Nusu iliyobaki ni kutojua mtambo wenyewe unavyofanya kazi.

Mtaalamu wa siasa aliyeueleza vizuri zaidi ni Arend Lijphart, Mholanzi aliyefundisha miaka mingi Marekani. Alizichunguza Uholanzi, Ubelgiji, Uswisi na Austria akaona nguzo nne za kugawana madaraka: viongozi wa makundi yote makubwa hutawala pamoja; kila kundi lina kura ya turufu katika mambo yanayoligusa; viti na ajira hugawanywa kwa uwiano; na kila kundi hujiendeshea mambo yake. Mkenya akisikia orodha hiyo hushika nguzo ya kwanza, hizo nyingine tatu hazimkai akilini. Ndiyo maana mapatano ya Februari 28, 2008, ya kumaliza ghasia zile, yalituzalia serikali ya nusu mkate yenye mawaziri 40. Vyeo viligawanywa, lakini rais na waziri mkuu wakagombana miaka mitano juu ya nani alipaswa kushauriwa kabla ya uteuzi upi.

Hapa Ubelgiji vyeo ndivyo sehemu ndogo. Katiba inataka baraza la mawaziri lisizidi watu 15, na ukimtoa waziri mkuu, wanaozungumza Kiholanzi na Kifaransa wawe sawa kwa idadi, ingawa Waflemi ni wengi zaidi nchini. Robo tatu ya wabunge wa kundi moja la lugha wakitia saini kwamba muswada unaharibu uhusiano wa jamii, mjadala unasimama na mawaziri wanapewa siku 30 kutoa maoni. Kengele hiyo ya tahadhari imepigwa mara chache sana. Kuwepo kwake kunatosha kuwafanya watu wazungumze mapema. Bunge la Brussels lina viti 89, na sheria imekwisha kuamua kwamba 72 ni vya kundi la Kifaransa na 17 vya Kiholanzi. Hakuna wa kupigania idadi, kwa sababu idadi haibadilishi kitu. Hata swali la lugha katika sensa liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1947, na mwaka 1961 likafutwa. (Dola hiyohiyo ndiyo iliyowapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila miaka ya 1930. Hilo wenyeji hawapendi kukumbushwa.)

Kenya ilichagua njia nyingine, na wengi hatujui kwamba tuliichagua. Inafanana na ile inayotetewa na Donald Horowitz, ambaye huwa hakubaliani na Lijphart: usiwagawie viongozi wa makabila vyeo baada ya uchaguzi, mlazimishe mgombea aombe kura nje ya kwao kabla ya uchaguzi. Nigeria ilifanya hivyo mwaka 1979. Sisi tuliweka sharti la asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane mwaka 1992, na Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Katiba ya 2010 ikakaza: zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24 kwenda juu.

Kasoro yake ni ya hesabu. Asilimia 25 ni kizingiti cha chini mno kwa mbio za farasi wawili. Mwaka 2022 wagombea wote wawili wakuu walikivuka. Kinachoamua ni ile nusu ya kura, na nusu hiyo hupatikana kwa kukusanya vigogo wanne au watano, kila mmoja na kapu lake la kura. Sheria iliyokusudiwa kumtoa mgombea nyumbani imemfundisha kununua wenye nyumba.

Basi cha kuiga Ubelgiji ni nini? Nguzo ya nne, na hasa fedha zake. N-VA, chama cha Waflemi, kilikuwa nje ya serikali ya taifa kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi 2025, na wakati huohuo kikiongoza serikali ya Flanders, jimbo la Waflemi: shule, barabara, nyumba za kupanga za umma. Ukishindwa hapa unabaki na kazi ya kufanya na fedha za kuifanyia. Huo ndio utulivu wanaouona wenzangu, na hautokani na ustaarabu wowote wa Kizungu.

Tangu 2013 na sisi tuna magavana wa upinzani, na hilo limesaidia kuliko watu wanavyokubali. Lakini gavana haajiri mwalimu wa shule ya msingi. Shule zake ni za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Fungu la kaunti nalo lina mtego. Ibara ya 203 ya Katiba yetu inaahidi angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini kipimo ni hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kaunti zinahesabiwa asilimia ya mapato ya miaka iliyopita. Kisha Hazina nayo huchelewesha kutuma, gavana anakopa dawa kwa wagavi, na mwananchi anaona ugatuzi ni porojo.

Angalieni pia Seneti ilipokwama mwaka 2020 juu ya fomula ya mgao. Pendekezo la kutilia mkazo idadi ya watu lingezipunguzia fedha kaunti za kaskazini na Pwani. Maseneta wa kambi zote mbili za siasa waliungana kulipinga, wa chama tawala na wa upinzani upande mmoja, kwa miezi, hadi ikakubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa. Mwaka uliofuata fungu likapanda hadi shilingi bilioni 370. Ni nadra Kenya kugombana kwa hasira hivyo bila mstari wa kabila kuwa ndio mstari wa vita. Fedha zikishafungamanishwa na mahali, mtu wa Mandera na wa Kwale wanagundua wana neno la kuzungumza.

Wanaosifu Ubelgiji lakini waseme na bei yake. Vyama vikuu viligawanyika kwa lugha kati ya 1968 na 1978, hivyo mpiga kura wa Antwerp hawezi kumwadhibu wala kumtuza mwanasiasa wa Liège. Chuo kikuu cha Leuven kilipogawanywa, vitabu vya maktaba viligawanywa kwa namba za rafu: witiri vikabaki, shufwa vikaenda Louvain-la-Neuve, na majarida mengine yakakatwa seti zake katikati. Na huku lugha inakaa kwenye ardhi. Mpaka wake ulichorwa kisheria mwaka 1962. Kabila Kenya halikai hivyo. Nakuru, Eldoret, Mombasa na Nairobi huwezi kuchora mstari bila kumfukuza mtu.

Burundi ilijaribu toleo la viti. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, uliosimamiwa na Nyerere kisha Mandela, uliingia katika Katiba ya 2005: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi pamoja na Batwa watatu, Seneti nusu kwa nusu, na katika jeshi hakuna kundi linalozidi nusu. Kwa jeshi ilikuwa dawa kweli. Bungeni, chama tawala kilijaza viti vya pande zote mbili kwa watu wake, na mgogoro wa 2015 juu ya muhula wa tatu ukapita katikati ya hesabu hizo bila kuzigusa.

Kwa hiyo nikiulizwa, nitaanza na kubadilisha kipimo cha Ibara ya 203 kiwe mapato ya mwaka uliotangulia, na kuipandisha ile 15. Muswada wa BBI, ule wa kurekebisha Katiba uliotokana na maridhiano ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulikuwa na pendekezo la asilimia 35. Ulilifunga pamoja na waziri mkuu na manaibu wake wawili, na Mahakama ya Juu ilipouzima Machi 31, 2022 vyote vikaenda pamoja. Tangu hapo wanaozungumzia kuufufua huanza na vile vyeo.