Jamani, si kila kioo chenye rangi ni Murano

Hii tabia ya kuita kila kioo kizuri kisicho na jina "Murano", yaani cha kile kisiwa cha Italia kinachosifika kwa vioo, inaniumiza kweli. Mtu ananunua chombo cha maua mnadani huko Uingereza, kizito, bluu imezama ndani ya kijani, hakina sahihi wala stika, kesho yake kiko mtandaoni kinaitwa Murano na bei imeshapanda. Kumbe huenda kimetoka Škrdlovice au Chřibská, Chekoslovakia ya zamani, ambako kulikuwa na mafundi hodari mno, na kazi yao inapewa watu wengine hivihivi tu kwa sababu jina la Italia linauza.

Kukosa alama si ajabu. Viwanda vingi vilibandika lebo ya karatasi, ukiosha mara mbili tatu imetoka. Chukua Whitefriars ya Uingereza, iliyofungwa 1980. Vyombo alivyobuni Geoffrey Baxter kuanzia 1967, vile vyenye uso wa magome ya mti (alitandika magome halisi ndani ya kalibu, vingine misumari na waya, kioo kikapulizwa humo), kwa kawaida havina kitu chini ila vinatambulika, kwa sababu katalogi zipo na kila umbo lina namba yake, kipimo chake na rangi zake. Ukikuta umbo lenyewe kwa rangi ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa, shtuka, huenda hiyo ni nakala.

Shida hasa iko kwenye studio ndogo. 1962 msanii Harvey Littleton aliendesha warsha kwenye jumba la makumbusho la Toledo, Ohio, Marekani, Dominick Labino akamsaidia kwa tanuru dogo na kioo kinachoyeyuka kirahisi, na tangu hapo msanii akaweza kupuliza kioo mwenyewe bila kiwanda nyuma yake. Ni jambo jema sana, ila ndo mwanzo wa maelfu ya vyombo visivyo na katalogi yoyote.

Mimi nasema geuza chombo, angalia kitako kabla ya rangi. Pale fundi alipokishikiza kwenye fimbo ya chuma ili amalizie mdomo hubaki kovu, na kila karakana ina mkono wake hapo: wengine waliliacha likali hadi linakwaruza kidole, wengine wakalisaga likawa kidimbwi laini, wengine wakasawazisha kitako kizima. Isle of Wight Studio Glass, karakana ya kisiwani huko Uingereza, kuna kipindi waligonga muhuri wa mwali wa moto hapohapo kwenye kovu, na hujaona raha kama ya kuuona mwali ule kwenye kitako ulichodhani hakina kitu. Halafu tazama mikwaruzo. Ya umri imetawanyika ovyo na iko pale tu panapogusa meza, mistari ikilala yote upande mmoja basi mtu kapiga msasa.

Tochi ya yuvii (mwanga usioonekana kwa macho) nayo watu wanaiamini kupita kiasi, kioo kikiwaka kijani kikali kina madini ya urani, sawa, lakini urani ilitumika nchi nyingi, haikutajii fundi. Na sahihi yenyewe inaweza kuchorwa jana kwa kamashine kadogo.

Fundi Michael Harris alianzisha karakana ya Mdina Glass kule Malta 1968, akaondoka 1972 kwenda Isle of Wight, na vyombo alivyosaini kwa mkono wake ni vichache. Mdina waliendelea bila yeye na rangi zilezile za bahari na mchanga. Kwa hiyo ukishajua ni Mdina sema Mdina, usiruke hadi kwa Harris kwa vile unatamani iwe yake, na kama hujui basi andika "fundi hajulikani", hakuna aibu, anayekuja baadaye atakushukuru kwa kutomchafulia njia.

Na huku kwetu vinapulizwa pia, Kitengela nje ya Nairobi wanayeyusha vioo chakavu, Arusha kuna karakana iitwayo Shanga wanaotumia chupa zilizotupwa, na vyombo vyao vinasafiri na watalii mbali sana. Ukinunua kimoja, andika kwenye kikaratasi umekinunua wapi, mwaka gani, na jina la fundi kama alikutajia, kunja pamoja na risiti utumbukize humohumo ndani ya chombo.