Mpira ulivuka au haukuvuka? Kabla ya kumtukana refa

Aprili 5, 2024, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika pale Loftus Versfeld jijini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa panya kwa chini, likadunda jirani na mstari na kurudi uwanjani. Yanga wakanyoosha mikono juu, VAR (waamuzi wa video) ikapitia, goli halikutolewa. Mechi ikaisha 0-0 kama ile ya Dar es Salaam, Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Tangu hapo, ukigusa habari ya waamuzi kwenye kibanda umiza chochote Bongo, Pretoria lazima itajwe.

Yanga walikuwa na haki ya kulalamika. Ila lawama nyingi zilibisha hodi kwenye mlango usio wake.

Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mpira namba 5 una mzunguko wa sm 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sm 22. Piga hesabu: unaweza kugusa nyasi sm 10 ndani ya goli, ukaona kijani kabisa kati ya mstari na pale ulipotua, na bado lisiwe goli, kwa sababu tumbo la mpira linaning'inia juu ya ukingo wa mstari. Wajerumani wanalijua hilo vizuri. Desemba 1, 2022 kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Kaoru Mitoma wa Japani aliurudisha uwanjani mpira uliokuwa ukitoka nje dhidi ya Hispania, na kila aliyekuwa mbele ya runinga aliona umetoka. Kamera iliyokaa sawa na mstari ilionyesha kipande chembamba bado kiko juu ya chokaa. Goli la Ao Tanaka likasimama, Japani ikashinda 2-1, Ujerumani ikafungasha virago.

Kwa hiyo kwenye marudio, kitu cha kwanza si mpira, ni kamera imekaa wapi. Kamera kubwa ya katikati ya uwanja inatazama goli kwa mshazari kutoka juu. Mpira ulio hewani nusu mita utauona umeingia ndani zaidi kuliko ulivyo. Kamera ya nyuma ya nyavu inadanganya kinyume chake, inausogeza uwanjani. Picha inayofaa ni ile iliyonyooka na mstari, nguzo ya goli ya karibu ikiifunika ya mbali. Kama haipo, mabishano ya mtaani yote ni kelele, hata yakisindikizwa na picha yenye mstari mwekundu uliochorwa kwa simu.

Na mshika kibendera je? Yeye hakai kwenye kibendera cha kona. Kazi yake ni kwenda sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, ili aone kuotea. Shuti likipigwa nje ya boksi, huenda yuko mita 16 kutoka mstari wa goli. Shuti la kilomita 100 kwa saa linamaliza umbali huo kwa takriban sekunde 0.6, yeye akikimbia kufa na kupona atakuwa amepiga mita tano. Ndivyo goli la Frank Lampard wa England dhidi ya Ujerumani lilivyopotea Bloemfontein kwenye Kombe la Dunia la 2010, na lile lilikuwa ndani waziwazi, halikuhitaji rula.

Baada ya aibu ile ndipo teknolojia ya mstari wa goli ikaruhusiwa mwaka 2012, na Kombe la Dunia la 2014 likaitumia: kamera saba kwa kila goli, na saa ya refa inapata ishara ndani ya sekunde moja. Watu wengi huichanganya na VAR. VAR ni watu wanaotazama picha za runinga zilizopo. Wasipopata ushahidi usio na shaka, uamuzi wa uwanjani unabaki. Pretoria kulikuwa na VAR, teknolojia ya mstari haikuwepo. Ni mtambo wa kufungwa na kupimwa uwanja kwa uwanja, na mashindano ya nyumbani na ugenini yanahama viwanja kila raundi. Gharama hiyo ni ya CAF, shirikisho la soka Afrika, haimhusu mwenye kipyenga.

Lalamiko kwamba refa hakwenda kutazama skrini ya pembeni, hilo nalo halina uzito. Mpira kuvuka mstari ni jambo la ukweli, si la tafsiri kama mkono au nguvu ya rafu, na utaratibu unaruhusu VAR walimalize kwa kumwambia refa sikioni tu.

Ninachowalaumu CAF ni ukimya. Kombe la Dunia la wanawake la 2023 lilianza na refa Yoshimi Yamashita akitangaza penalti kwa maikrofoni, uwanja mzima ukasikia, na hakuna aliyekufa. Lakini ukaguzi usiobadilisha uamuzi mara nyingi hupita kimyakimya, na ndio huo unaoacha donge. Goli likiwa na utata kiasi hicho, turushiwe kwenye runinga picha ileile waliyoiangalia VAR. Na kama kamera ya mstari haikuwepo, tuambiwe hivyohivyo.