Virusi vimekwisha, mifupa je?

Asante kwa habari hii ya kupona homa ya ini C. Ni kweli vidonge vya sasa vya homa ya ini C huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa ndani ya wiki 8 hadi 12. Ila mwandishi kaishia pale virusi visipoonekana tena kwenye damu, kana kwamba yote yamekwisha, na hapo sikubaliani naye. Ini likikaa na uvimbe miaka mingi, kemikali za uvimbe huo huzunguka mwilini na kuchochea seli zinazomomonyoa mifupa. Tena ini ndilo linaloanza kuichakata vitamini D, ambayo mifupa inaihitaji ili iwe imara. Ukipona uvimbe hupungua, lakini kwa wengi, hasa wenye makovu ya ini, hauishi wote.

Mama yangu mdogo alipona kabisa. Baadaye akateleza sebuleni, akajishika kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Akafungwa plasta, akaambiwa ni umri. Hakuna aliyemuuliza habari za ini! Na anayeishi na VVU huku anameza tenofovir, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, ana sababu zaidi ya kuulizia mifupa yake, maana dawa hiyo nayo huweza kuipunguza uimara. Jamani, mkipewa majibu safi msiache kliniki. Wenye makovu waendelee na ultrasaundi kila miezi 6, na waulizie kipimo cha mifupa.