Chui wa Sunset Dam

Bwawa la Sunset liko kama kilomita moja tu kutoka kambi ya Lower Sabie, kusini mwa hifadhi ya wanyama ya Kruger, Afrika Kusini. Julai huko ni baridi na ukame: nyasi zimekwisha, vidimbwi vya porini vimekauka, kila mwenye kiu anakuja pale. Huna haja ya kuzunguka. Egesha, zima injini, subiri. Saa 8 mchana mimi na shemeji tukaegesha, tukazima.

Injini, yaani. Swichi niliiacha, kwa sababu tundu la kuwashia sigara kwenye gari lile la kukodi halikutoa umeme bila ufunguo, na shemeji alikuwa amechomeka kijifriji chake cha soda. Kijifriji cha namna ile hula ampea 4 hivi. Ongeza redio, feni na simu mbili. Betri ya gari dogo ni kama ampea-saa 45 ikiwa mpya, na ile yetu ilikwisha zeeka.

Saa 10 na robo nikazungusha ufunguo. Tik.

"Jaribu tena, shem."

Tik. Vioo vya umeme navyo viligoma, viwili vikiwa chini. Viboko wakaanza kutoka majini kwenda malishoni.

Mle hifadhini hushuki ila mahali palipotengwa, wala hutoi hata kiwiko dirishani. Nikapiga namba ya dharura. Tusubiri, wanakuja.

Likatokea gari. Nikaupunga mkono humo humo ndani, nikaonyesha boneti. Dereva akasimama, akatoa darubini, akatazama ninakoonyesha. La pili likaona la kwanza limesimama. Kruger gari lililosimama ni habari tosha. Robo saa baadaye yalikuwa magari 9, yametuziba mbele na nyuma, darubini zote kwenye kichaka kilicho mbele ya boneti yetu.

"Yuko wapi?" mama mmoja akaninong'oneza.

Nikamwambia ni betri. Akamgeukia mumewe, naye akabadilisha lenzi, akafunga ndefu zaidi.

Shemeji akafungua soda. "Angalau ni ya baridi."

Askari walipofika ilibidi kwanza wapangue foleni. Waya mwekundu, chanya yetu kwanza, kisha chanya yao. Mweusi kwenye hasi yao, ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini yetu, mbali na betri, maana gesi yake hulipuka kwa cheche. Gari lao likanguruma dakika 5, letu likaitika. Lango la kambi hufungwa saa 11 na nusu. Tuliingia zikiwa zimebaki dakika 4.

Mapokezini kuna ramani ambayo wageni hubandika alama za rangi kuonyesha walichoona siku hiyo. Pale Sunset palikuwa na chui.

Shemeji akainama, akaitazama kwa muda. "Tulikuwa pale pale, shem," akasema kwa uchungu, "na hatukumwona."