Kobe kanilalia dera Changuu

Wifi yangu ndo aliyeng'ang'ania twende kisiwa cha Changuu, hapo Zanzibar, tuwaone kobe halafu tuunge na Nakupenda, boti moja mtembezaji mmoja. Tulivyopanda Forodhani nahodha akatupa onyo kabisa, jamani Nakupenda ni fungu la mchanga, maji yakijaa halipo, kwa hiyo kwenye kobe msichelewe. Tukaitikia wote, mimi kwa sauti kuliko wote.

Dera langu jipya, lile pana la kuburuza. Wifi kanichagulia kobe mkubwa kivulini, umri wake umeandikwa kwa rangi mgongoni, mia na kitu, nikachuchumaa pembeni yake. Mtembezaji anaeleza huku hawa asili yao Shelisheli, wanne wa kwanza waliletwa zawadi mwaka 1919, mkune shingo dada, anapenda. Nikamkuna. Shingo ikatoka, ikaendelea kutoka, babu kasimama kabisa kwa miguu minne, wifi anapiga kelele "hapohapo usitikisike!" Nami nisitikisike. Babu akapiga hatua moja, akanogewa, akashuka. Juu ya dera.

Nikavuta, wapi. Kobe dume wa aina ile anafika kilo 250 bwana, na huyu akaingiza kichwa ndani kabisa, yaani kafunga ofisi. "Wacha, usimvute, utamuudhi," mtembezaji ananiambia, mimi niliyebanwa ndo nisimuudhi! Ikaletwa mboga ya majani akapelekewa mdomoni, akaila akiwa amelala vilevile. Wazungu wakajaa na simu zao, mmoja kaniuliza nalipia kiasi gani kukaa karibu hivyo. Mtembezaji naye, ili kupoza hali nadhani, anawaeleza lile gereza la kisiwani la miaka ya 1890 halikuwahi kufunga mhalifu hata mmoja, likaja kuwa karantini ya homa ya manjano, wifi akadakia "basi mfungwa wa kwanza huyu hapa."

Jua la mchana kobe hawana haraka ya kutoka kivulini. Nahodha anapiga simu, anapiga tena, abiria wenzetu wameshaanza kuniangalia vibaya. Mwisho mama mmoja wa Unguja akanizungushia kanga zake mbili, akageukia wanaume, "tazameni kule nyie!", nikajichomoa humo ndani ya dera kama ndizi inayomenywa. Sijafunga hata fundo la kanga, babu huyo, kasimama, kaondoka zake kuelekea kwenye mboga. Mbolea aliyoniachia kwenye dera sitaielezea, watu wanakula.

Tukakimbilia boti, nahodha hasemi na mtu. Kufika, tunaangaza huku na huku, maji matupu ya bluu. Akazima injini, akachungulia chini ubavuni mwa boti.

"Nakupenda hiyo hapo. Nani anashuka?"

Boti nzima ikanigeukia mimi na kanga zangu za kuazima.