Ajira mpya za afya zikitoka, tuhesabu na wanaohama

Kila kibali cha ajira za afya kinapotangazwa, makundi ya WhatsApp hapa Kigoma huwaka. Ni haki yao. Vijana wengi wamemaliza vyuo vya uuguzi na utabibu na wapo tu nyumbani, huku zahanati zikilia hazina watu. Ila sijasikia mtu akishangilia aliyebaki kituoni mwaka wa tano.

Chukua mwambao wa kusini wa mkoa, kando ya Ziwa Tanganyika, kule Uvinza: Sigunga, Buhingu, Kalya. Muuguzi anapangiwa huko, anaripoti, anathibitishwa kazini, kisha anaandika barua ya uhamisho kumfuata mwenza. Simlaumu. Mume yuko Dodoma, nyumba ya mtumishi hakuna, na akiugua yeye mwenyewe usiku atangoja boti. Mimi nisingekaa, tusidanganyane. Akishaondoka, kituo kinarudi kwenye foleni ya kungoja mgao mwingine.

Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya 39. Msomee hizo namba mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini uone atakavyocheka. Yeye ndiye anatibu, anaandika ripoti, anafuata dawa wilayani. Siku akiitwa semina, wagonjwa wanamkuta mlinzi.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 tumeimba zahanati kila kijiji, na wananchi wamesomba mawe na mchanga kweli. Majengo yanasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, kibali cha ajira kinatoka Utumishi, fedha ya mishahara iko Hazina. Kwa hiyo jengo linaweza kukamilika bila mtu yeyote kuulizwa nani atafanya kazi humo.

Kwangu mimi, nyumba ya mtumishi ijengwe kabla ya wodi ya pili. Na wapewe kipaumbele wenye kwao huku. Kabanga pale Kasulu kuna chuo cha uuguzi. Najua na mwenyeji huhama, lakini mwenye mama na shamba Buhingu ana sababu ya kufikiri mara mbili. Uhamisho usizuiwe, ila mtu aruhusiwe kuondoka pale mbadala wake akisharipoti.

Madiwani wa Uvinza wakikaa kwenye bajeti, wasiishie kuuliza tumepata watumishi wangapi. Wadai orodha ya waliohama, kituo kwa kituo, na sababu walizoandika kwenye barua zao.