Kanuni za ua zianzie nje ya geti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti orodha ndefu ya kazi: zahanati, masoko, barabara za mitaa, shule za chekechea. Humo humo, chini ya upangaji na maendeleo, kuna kazi ambayo sijawahi kumsikia mgombea akiiombea kura. Mipaka na ua. Yaani ukuta wa nyumba ya mtu uweje si jambo la kusubiri Nairobi. Ni letu hapa. Na tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, kuta zinaota mitaani haraka kuliko kanuni zinavyoandikwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Kanuni za ua ziandikwe upya, na atakayeziandika asimame barabarani, sio uani. Siku hizi ukienda kuulizia ukuta utaulizwa ramani, bikoni za kuonyesha mipaka ya ploti, na risiti. Hakuna atakayekuuliza maji ya mvua yatapita wapi ukishaujenga.

Na maji ndiyo kesi kubwa hapa kwetu. Mji huu umeinama. Mvua ikipiga Menengai, maji yanashuka kuelekea ziwani, na katikati ya hizo sehemu mbili ndipo tulipojenga. Udongo wenyewe ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaobebwa upesi. Ndiyo maana baada ya masika ardhi ya Nakuru hufunguka nyufa na mashimo hata katikati ya barabara. Zamani, ua ulipokuwa wa miiba ya kayaba au wa seng'enge, maji yalipenya na kuendelea na safari. Ukuta wa mawe unayazuia, na yakizuiwa huwa hayarudi mlimani.

Hesabu yake ni rahisi. Maji yakijaa hadi kimo cha mita moja nyuma ya ukuta, kila mita ya urefu wa ukuta huo inasukumwa kwa nguvu ya takriban nusu tani. Sasa chukua ukuta wa mawe ya inchi sita, usio na nondo, uliopandishwa kozi, yaani safu ya mawe, moja baada ya nyingine kwa sababu mwenye ploti alitaka kumpita jirani. Niliuona mmoja upande wa Kiamunyi baada ya mvua za usiku. Ulikuwa umelala kifudifudi juu ya njia ya miguu, karibu mzima, na vile vipande vya chupa vilivyopachikwa juu bado vimeng'ang'ania simenti yao. Mstari wa matope ulionyesha maji yalikofika kabla haujaachilia. Msingi wake ulifika magotini pa fundi, kama ulifika. Chini kabisa, mahali ambapo matundu manne au matano ya kupitishia maji yangeuokoa, hapakuwa na hata moja. Ulianguka alfajiri, saa moja baadaye njia ile huwa imejaa wanafunzi.

Tundu la maji halina gharama. Fundi anaacha nafasi bila udongo wa simenti kati ya jiwe na jiwe, basi. Lakini fundi halipwi kwa matundu, analipwa kwa kozi, na asiyeambiwa na kanuni hataacha tundu ambalo mwenye nyumba atalalamika kwamba linaingiza panya. Kwa hiyo kanuni iseme wazi: ukuta wowote unaokata mteremko uwe na matundu chini, na maji yasielekezwe kwa jirani wa chini. Huyo wa chini naye hujibu kwa kuinua ukuta wake, na mwisho wa mnyororo huo ni vibanda vya watu wasio na ukuta wowote.

Najua nitajibiwa kuhusu wezi. Ni hoja ya kweli, sitaibeza. Nami nalala nikiwa nimefunga kufuli mbili. Ila mwizi akisharuka ukuta wa futi kumi, ukuta ule ule unamficha. Anafanya kazi yake polepole, na mlinzi wa jirani hana habari. Ndiyo sababu ningependa sehemu ya mbele, inayotazama barabara, iwe ya mawe hadi kiunoni tu, na kutoka hapo kwenda juu iwe vyuma au waya unaoonekana kupitia. Nyuma na pembeni, jenga unavyotaka mradi maji yapite. Tumeambiwa miaka mingi kuhusu Nyumba Kumi. Sijui ni nyumba ngapi utazilinda ikiwa huwezi kuiona hata moja. Kwenye kona, dereva wa bodaboda naye anahitaji kuona anayekuja upande wa pili, na ukuta uliofika hadi ncha ya ploti haumpi nafasi.

Upande wa mimea, kaunti ingefanya vizuri kutuachia. Kayaba inachukua miaka kushikana, lakini ikishashikana hata mbwa hapiti. Mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok, umezunguka maboma ya upande wa Kisumu tangu enzi za mababu, ingawa utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta. Kanuni moja inatosha: mwenye ua wa miti aukate usimeze njia ya watu.

Hili la kuachiwa liandikwe, lisiachwe kwa hisani ya afisa. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inatoza anayeanza ujenzi bila kibali faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Mama anayezungushia ploti yake seng'enge na nguzo za mbao ili mbuzi wasile sukuma wiki anahitaji kujua kama anahusika au la. Asipojua, atakayemweleza ni yule kijana wa mtaani anayejifanya mtu wa kaunti na kutaka kitu kidogo.

Kuta zilizokwisha kujengwa zisiletewe tingatinga. Zipewe mwaka mmoja wa kutobolewa matundu, na zile zilizoegemea njia ya watu zikaguliwe kwanza. Kwa mpya, mkaguzi afike saiti wakati msingi bado uko wazi, kabla haujafukiwa, maana picha ya ukuta uliopakwa rangi haionyeshi kilicho chini yake. Ada tunalipa tayari. Itoke humo nauli yake.